Usitukane Wakunga na Uzazi Ungalipo: Somo la Heshima kati ya Watumishi wa Wagonjwa



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja neno lililo karibu na kila nyumba, nalo ni jinsi watumishi wa wagonjwa wanavyosemezana na kuheshimiana. Labda mtu atasema, "Mimi si daktari wala muuguzi, somo hili lanihusu nini?" Twamjibu hivi: kila mmoja wetu alipokelewa duniani na mikono ya mkunga, au ya mama aliyefanya kazi ya mkunga, na wengi wetu, siku yetu ikifika, tutafumbwa macho na mikono ya muuguzi. Watumishi hao wakisikilizana, sisi twapata msaada. Wakidharauliana, deni lao hulipwa na mgonjwa, ambaye hakuwamo katika ugomvi wao.

Wazee walituachia methali isemayo, Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kwa kawaida twaitumia kumwonya mtu asiyekumbuka kwamba atahitaji msaada kesho. Leo tuitazame kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani mkunga mwenyewe, mama azaaye, na maneno yanayosemwa chumbani humo.

1. Nchi yetu na watu wake

Mkoa wa Katavi ulitengwa na Rukwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Mpanda. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilionyesha watu 564,604. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 1,152,958. Basi katika miaka 10 watu wamezidi mara mbili. Kila mwenye kuketi kwenye benchi ya zahanati tangu alfajiri aijua maana ya hesabu hizo pasipo kuelezwa.

Tena nchi yenyewe ni pana. Mtu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, asafiri zaidi ya kilometa 100 hata kufika Mpanda mjini. Wenyeji wa asili ni Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na jamaa zao. Wamo Wafipa waliotoka kusini, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao. Wamo pia watu wa Katumba, waliokimbia Burundi tangu mwaka 1972, na wa Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978. Wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kwa hiyo katika wodi moja yaweza kusikika lugha nne au tano. Bibi mmoja anaeleza maumivu yake kwa Kirundi, jirani yake kwa Kisukuma, daktari kijana aliyetumwa kutoka pwani asikii hata moja, na faili lao huandikwa kwa Kiingereza.

Mahali kama hapo habari ya mgonjwa hupita vinywa vingi kabla ya kumfikia mwenye kuamua dawa. Kinywa kimoja kikifungwa kwa hofu au kwa hasira, habari hukatika njiani kama maji ya mfereji uliobomoka.

2. Tabibu wa Karema

Kabla ya kuendelea, tumkumbuke mtu mmoja ambaye nchi hii haikumpata kwa wingi wa vyeo vyake. Karema ilikuwa kwanza kituo cha Wabelgiji, kilichoanzishwa mwaka 1879, kisha mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mwaka 1889 alifika hapo kijana Mwafrika, jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, Afrika ya Magharibi, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani. Mapadre walimkomboa katika Algeria, wakamsomesha, na baadaye wakampeleka katika kisiwa cha Malta ajifunze utabibu pamoja na vijana wengine waliokombolewa. Kardinali Lavigerie, mwenye shauri hilo, aliwataka wawe matabibu na makatekista, watakaoishi kati ya watu kama watu wenyewe.

Atiman alioa binti wa Kibende, akakaa Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956, yaani zaidi ya miaka 65 katika mahali pamoja. Hakuwa padre. Wala hakuwa na cheo kamili cha udaktari kama cha madaktari wa Ulaya. Alisimama katikati: chini ya mapadre kwa daraja, mgeni kati ya Wabende kwa asili, na juu ya wote kwa maarifa ya dawa. Mtu wa namna hiyo angeweza kudharauliwa na kila upande. Walakini miaka mingi kama hiyo haipiti pasipo wakubwa kukubali kusikia neno la mtu aliye chini yao kwa daraja, na pasipo tabibu kukubali kusemezana na watu wa kijiji kwa lugha yao. Twamtaja kwa sababu hiyo: kazi ya kuponya haikungoja cheo ndipo isikilizwe.

3. Mfano wa usiku mmoja

Sasa tuweke mfano. Ni wa kutunga, wala hausemi habari za kituo fulani. Lakini waliofanya kazi ya usiku watautambua.

Katika kituo cha afya kimoja kuna mkunga mmoja wa zamu na mhudumu mmoja, mama mtu mzima, ambaye kazi yake ni kufagia, kubeba na kusafisha. Tabibu yuko nyumbani kwake, mwendo wa dakika tano. Saa tano usiku mama mmoja ajifungua salama mtoto wake wa saba. Watu wanashukuru, mtoto analia, mkunga anaandika.

Baada ya nusu saa mhudumu apita na ndoo. Aona kwamba kitambaa kilicho chini ya mama kimelowa damu, nacho ni cha pili. Moyo wake wamwambia aseme. Lakini akumbuka kwamba mwezi uliopita alisema neno juu ya mgonjwa, akajibiwa mbele ya watu, "Wewe fagia, mambo ya kitaalamu yaache." Basi abadilisha kitambaa, anyamaza.

Mkunga naye aona kwamba damu haijakoma. Ashika simu, kisha aiweka. Juma lililopita alimwamsha tabibu usiku, na tabibu alipofika akamwuliza kwa ukali mbele ya mgonjwa na ndugu zake, "Kwa jambo dogo kama hili waniita?" Mkunga ajiambia, "Ngoja kidogo, labda itakoma." Apita robo saa, kisha robo nyingine.

Alipopiga simu mwishowe, mama alikuwa mweupe midomoni na mikono yake baridi. Tabibu alikuja mbio, akafanya yote aliyojua, gari likaitwa, safari ya Mpanda ikaanza gizani. Tuseme mama huyo alifika hai, akaongezewa damu, akapona. Hata hivyo saa nzima ilipotea. Nayo haikupotea kwa kukosa dawa, maana dawa ilikuwa kabatini. Haikupotea kwa ujinga, maana mhudumu aliona na mkunga alijua. Ilipotea kwa sababu ya maneno mawili makali yaliyosemwa siku nyingine, ambayo wasemaji wenyewe walikwisha kuyasahau.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Neno la dharau ni mwiba mdogo. Uvimbe wake huonekana baadaye, na huonekana katika mguu wa mtu mwingine.

4. Heshima ya kunyamaza na heshima ya kusema

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, kwa maana sisi tumelelewa katika heshima. Mtoto hampingi mkubwa. Mgeni hamsahihishi mwenyeji. Mdogo hungoja aulizwe. Malezi hayo ni mema, na hatutaki yaondoke. Lakini katika chumba cha wagonjwa yana hatari yake, kama vile moto wa jikoni ulivyo mwema mpaka uguse paa.

Mwuguzi akiona daktari ameandika kipimo cha dawa kinachozidi, naye akanyamaza kwa sababu ya heshima, amemheshimu nani? Hakumheshimu mgonjwa, aliyemwachia hatari. Wala hakumheshimu daktari, aliyemwacha aanguke shimoni huku akimtazama. Hiyo ni hofu iliyovaa nguo ya heshima.

Kuna tena shida nyingine, ambayo wageni hawaielewi lakini sisi twaijua sana. Kijana wa miaka 27 aja na shahada yake, awekwa kuwa mkubwa wa kituo. Chini yake yuko mkunga wa miaka 50, aliyezalisha nusu ya watoto wa kijiji. Nani atamwamkia mwenziwe shikamoo? Kijana akingoja kuamkiwa kwa sababu ya cheo, mama ameumia moyo kabla kazi haijaanza. Twaona hivi: kijana na amwamkie mkubwa wake kwa umri, kama alivyofundishwa nyumbani. Shikamoo haikupunguza kamwe elimu ya mtu. Naye mama akiisha kuitikia marahaba, asiufanye umri wake kuwa ngao ya kukataa agizo la kazi. Umri una heshima yake na kazi ina utaratibu wake, na mwenye busara huvipa vyote viwili haki yake.

Kadhalika mhudumu. Katika vituo vingi yeye ndiye mwenyeji hasa. Madaktari huhamishwa, yeye hubaki. Aijua lugha ya mgonjwa, aijua njia ya kwao, hujua ni nani aliyeondoka nyumbani kwa siri na nani hana wa kumletea chakula. Kumwita kwa kupiga kidole, au kwa neno "wewe," ni kuufunga mlango ambao habari nyingi hupitia.

5. Mambo yaliyojaribiwa

Wengine watasema kwamba haya ni mafundisho ya adabu tu, na kwamba tiba ni dawa na visu. Basi tutazame yaliyojaribiwa na kuhesabiwa.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha fupi ya mambo 19 ya kuulizana kabla ya kumpa mgonjwa dawa ya usingizi, kabla ya kuanza kukata, na kabla ya kumtoa chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane ya dunia, kama Toronto, London, New Delhi na Manila. Na mmoja wa miji hiyo minane ulikuwa Ifakara, katika nchi yetu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kabla ya orodha, wagonjwa waliokufa walikuwa 1.5 katika kila 100. Baada yake walikuwa 0.8. Waliopata madhara makubwa walishuka kutoka 11 katika 100 mpaka 7.

Ndani ya orodha hiyo limo jambo dogo la kustaajabisha: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mtu aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Hatusemi kwamba kutaja majina peke yake kuliponya watu. Orodha ina mambo mengine, kama dawa ya kuzuia usaha na kuhesabu vitambaa na sindano. Lakini walioitunga walijua kwamba mtu aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja chumbani, huona wepesi kusema mara ya pili, hata akiwa mdogo wa wote.

Tena mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa juu ya damu baada ya uzazi, lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa akina mama zaidi ya 210,000. Katika hospitali zilizofuata utaratibu mpya, mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu. Damu ikizidi kiasi, watumishi hawakubishana; walianza mara moja yote pamoja: kusugua tumbo ili mji wa mimba ukaze, sindano ya kuukaza, dawa ya kuzuia damu kutoka, maji ya mshipani, kuchunguza chanzo, na kumwita mwenye uwezo zaidi. Ambako utaratibu wa zamani uliendelea, waliopata balaa ya kutoka damu nyingi sana walikuwa 4.3 katika 100. Ambako utaratibu mpya ulifuatwa, walikuwa 1.6.

Tufikiri kidogo sababu ya tofauti hiyo. Zamani damu ilikadiriwa kwa macho, na macho ya mkubwa yalihesabiwa kuwa makali kuliko ya mdogo. Sasa alama ya mfuko huonekana na wote. Mhudumu wetu wa ule mfano angeweza kusema, "Imefika mstari wa mia tano," wala asionekane kuwa anajidai utaalamu. Kipimo hakina cheo. Mahali penye kipimo kilichokubaliwa na wote, mdogo apata ruhusa ya kusema.

6. Jinsi ya kusema

Haitoshi kuambiana tuheshimiane. Yatupasa kujua maneno yenyewe. Haya ni machache tunayoyapendekeza.

Kwanza, kumwita mwenzio. Iko njia iliyotoka kwa mabaharia wa manowari za Marekani zisafirizo chini ya maji, ikachukuliwa na hospitali za nchi nyingi. Ina mambo manne: hali ilivyo, yaliyotangulia, nionavyo mimi, na niombacho. Mkunga wetu angesema hivi: "Samahani kwa usiku, Dokta. Ni mimi mkunga wa zamu. Mama aliyejifungua saa tano anatoka damu nyingi, yapata mililita 600, na mapigo ya moyo ni 120 kwa dakika. Huu ni uzazi wake wa saba. Naona mji wa mimba haukazi. Nimempa sindano, maji yanaingia. Naomba uje sasa." Maneno hayo hayazidi nusu dakika. Hayana ukali wala kujipendekeza, na mwisho wake ni ombi la wazi. Wengi wetu hueleza hali kwa urefu, kisha tukaogopa kuomba. Msikiaji akadhani ameletewa habari tu, akarudi kulala.

Pili, kurudisha agizo. Ukipewa agizo kwa simu, lirudie kabla ya kukata, naye mtoa agizo athibitishe. Hesabu itajwe tarakimu moja moja, hasa ikisemwa kwa Kiingereza, maana katika lugha hiyo kumi na tano na hamsini hufanana masikioni simu ikikoroma.

Tatu, saa. Hapa pana mtego wetu wenyewe. Twasema kwa saa za Kiswahili, na faili huandikwa kwa saa za Kizungu. Saa mbili ya usiku kinywani huwa 20:00 katika karatasi. Tena "apewe saa nne" na "apewe kila baada ya saa nne" yatofautiana kwa neno moja au mawili tu. Mmoja humpa mgonjwa dozi moja asubuhi, mwingine humpa dozi sita kwa siku. Atoaye agizo na aseme neno zima. Apokeaye na aulize. Kuuliza si ujinga.

Nne, kupokezana zamu. Anayeondoka asimwachie mwenziwe daftari mezani na kwenda zake. Waende wote wawili kitandani kwa kila mgonjwa aliye mahututi, wamtaje kwa jina, waseme yaliyofanyika na yaliyobaki. Mgonjwa asikiaye habari zake akikabidhiwa kwa upole hupata utulivu. Na mara nyingine yeye mwenyewe husahihisha kosa.

Tano, kupinga kwa adabu. Ukiona jambo lisilo sawa, uliza kwanza: "Dokta, naomba tuangalie tena kipimo hiki." Usiposikilizwa, taja hofu yako na sababu yake: "Nina hofu, kwa kuwa mtoto huyu ana kilo 9 tu." Usiposikilizwa tena, na hatari ipo, sema, "Naomba tusimame kwanza, tumwulize mwingine." Hatua tatu, sauti ile ile. Mkubwa apingwaye hivyo hakuvunjiwa heshima. Amepewa nafasi tatu za kuepuka majuto.

Na mkubwa naye ana fungu lake. Akiitwa usiku kwa jambo lililoonekana kuwa dogo, jibu lake la kwanza na liwe, "Umefanya vema kuniita." Akiwa na la kufundisha, afundishe kesho yake, wakiwa wawili. Kwa neno hilo moja amenunua simu zote zitakazopigwa mwaka ule, pamoja na ile moja ambayo ingechelewa.

7. Kuonyana

Makosa yatakuwapo. Mtumishi achokaye, aliyekesha, aliyekosa mshahara kwa wakati wake, atasema neno baya. Je, tufanyeje?

Tusionyane mbele ya mgonjwa wala mbele ya ndugu zake. Muuguzi aliyeaibishwa wodini hupoteza mbele ya watu wale imani waliyokuwa nayo kwake, na asubuhi yake wagonjwa wenyewe humkataa asiwachome sindano. Aliyemwaibisha amejiongezea kazi.

Wala tusigeuze kosa kuwa habari ya kabila, au ya chuo alikosoma mtu, au ya dini yake. Tuseme lililofanyika, saa lilipofanyika, na litakavyofanyika safari nyingine. Na likiwa zito, liandikwe na kupelekwa kwa mkuu wa kituo, lisizungushwe sokoni. Mwisho, aliyekosa akiomba radhi, jambo lifungwe.

Lakini kuna kosa ambalo halifai kufichwa kwa jina la amani, nalo ni lile lililomdhuru mgonjwa. Wazee husema, Mficha uchi hazai. Kikundi cha watumishi kinachofichiana makosa huonekana kuwa na umoja, kumbe kila mmoja amemshika mwenziwe kwa siri yake. Umoja huo hauponyi mtu.

8. Fungu letu sisi tulio nje

Sasa twarudi kwa msomaji aliyeuliza, somo hili lanihusu nini. Mengi hutegemea sisi.

Ndugu wa mgonjwa afikaye kwa matusi, akampuuza muuguzi na kudai "daktari mwenyewe," amewafundisha watumishi kudharauliana mbele ya macho yake. Mwanamume asiyekubali kusikia neno la mkunga kwa sababu ni mwanamke, amemfunga mikono mtu aliyekuja kumwokoa mke wake. Na mtu apelekaye maneno kutoka kwa mtumishi huyu kwenda kwa yule, akiongeza chumvi, ameharibu kazi ambayo siku moja ataihitaji.

Tukumbuke pia watumishi tusiowahesabu. Yuko mhudumu wa afya wa kijiji, atembeaye nyumba kwa nyumba. Yuko dereva. Tangu mwaka 2022 mpango wa kuwasafirisha akina mama na watoto wachanga uitwao m-mama umekuwa ukienezwa nchini, nao huitwa kwa simu ya bure, 115. Na mahali pasipo gari la wagonjwa, madereva wa kawaida waliokubaliana na mpango huo huchukua safari. Dereva wa namna hiyo, aendeshaye gizani kutoka mwambao mpaka Mpanda, ni mmoja wa waganga wa mama yule. Na aambiwe mgonjwa ana nini, apewe jina la kumpokea, aamkiwe kwa jina lake.

Walio katika kamati za zahanati na vituo wana neno zaidi la kufanya. Wasiulize tu juu ya dawa, choo na paa. Waulize pia: Je, mhudumu wetu huweza kumwambia tabibu alionalo? Je, mkunga huogopa kupiga simu usiku? Dawa ikipungua, karatasi itaonyesha. Hofu ikizidi, hakuna karatasi iionyeshayo mpaka msiba ufike.

Twajua kwamba nchi yetu imepiga hatua. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 hata 2016 ulikadiria vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hizo ni habari za kufurahia, nazo zimeletwa na mikono mingi, wasomi na wasiosoma. Waliobaki katika ile 104 ndio wenye shida zaidi kufikiwa: walio mbali, waliochelewa, na wale ambao neno lao lilikatika njiani. Kwa hao barabara zahitajiwa, na damu ya akiba, na watumishi wengi zaidi. Hayo yataka fedha na miaka. Lakini shikamoo, samahani, umefanya vema kuniita, naomba tuangalie tena: haya hayangoji bajeti. Yaweza kuanza katika zamu ya leo usiku.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika ule mfano wa usiku mmoja, ni nani aliyekuwa na nafasi ya kwanza ya kuizuia hatari? Ni nani aliyekuwa na fungu kubwa la kosa, aliyenyamaza au aliyemnyamazisha?

2. Ni lini kunyamaza ni heshima, na ni lini ni hofu? Toeni mifano ya nyumbani, ya shambani na ya hospitali.

3. Kijana aliye mkubwa kwa cheo na mzee aliye chini yake kwa kazi: waamkianeje, na waagizaneje, katika mahali petu?

4. Sisi tuliomo humu, mara ya mwisho tulipokwenda zahanati, tuliwasemesha watumishi kwa maneno gani? Je, tulijua jina la hata mmoja wao?

5. Ni jambo gani moja ambalo kikundi hiki chaweza kulifanya kabla ya mwezi ujao, ili mkunga wa kituo chetu apate wepesi wa kuita msaada usiku?

Mwenye kusoma na wenziwe aandike majibu yao katika daftari. Mwezi utakapokwisha, na wayasome tena waone yapi yamefanyika.